Kilwa na Lindi: Safari ya Kumuomba Radhi Mama Mkwe

Watu wengi huenda Kilwa kuangalia magofu. Wengine huenda kula pweza na kupunga upepo wa bahari. Mimi mwenzenu nilikwenda kuomba radhi, magofu nikayaona njiani.

Nianze na kosa lenyewe, maana bila kulijua hutaelewa kwa nini mwanamke mzima apande basi la alfajiri huku tumbo linamsokota kwa woga.

Ilikuwa Aprili 2020. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe nchini, Machi 16. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne, wa kwanza, niliyempata baada ya kuhangaika miaka sita. Nilikuwa silali. Mtu akikohoa mtaa wa pili nilimsikia. Nyumba nzima nilijaza ndoo, sabuni, jiki na chupa za kupulizia kama zile za saluni. Ndipo mama mkwe akaja kutoka Kilwa Kivinje kumwona mjukuu. Hakupiga simu kwanza. Kwao mama hapigi simu kuomba nafasi kwa mwanawe wa kumzaa.

Nilimsimamisha getini. Nikampulizia maji ya jiki kuanzia mtandio hadi kandambili, majirani wanaangalia. Kikapu chake cha samaki wakavu na korosho nikakiacha nje juani. Nguo zake nikazitumbukiza zote kwenye beseni la jiki, zikalala humo usiku kucha. Kati yake ilikuwamo doti moja ya kanga nyekundu, imekunjwa vizuri, inanukia udi. Asubuhi nilipoitoa ilikuwa na mabaka meupe mwili mzima.

Mama hakusema neno. Alimpakata mjukuu wake, akamsomea dua, akakaa siku mbili, kisha akasema nyumbani kuna mambo, anarudi. Baadaye ndipo mume wangu akanieleza. Kanga ile marehemu baba mkwe alimnunulia mama siku alipozaliwa mtoto wao wa kwanza, ambaye ndiye huyo huyo mume wangu. Alikuwa ameileta anipe mimi.

Tangu siku hiyo salamu zake zikawa zinapitia kwa mwanawe. "Msalimie mama mtoto." Basi. Nikimuuliza mume wangu, ananijibu, "Mama hana neno." Wanandoa mnajua maana ya mtu kuwa "hana neno". Mtoto akatambaa, akatembea, sasa anajua kusoma, na bibi yake hajakanyaga tena kwetu.

Njia ya kusini

Mume wangu ndiye aliyenipangia safari. "Usiende Kivinje moja kwa moja," aliniambia. "Nenda kwanza Lindi kwa baba mdogo. Yeye ndiye atakayekushika mkono." Nilitaka twende wote, akakataa. Kosa ni langu na mdomo wa kuomba radhi uwe wangu. Yeye akabaki na mtoto.

Basi la kusini nililipandia Mbagala Rangi Tatu, giza bado halijaachia. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu mto Rufiji. Kama hujawahi kuvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, karibu kilomita nzima juu ya maji, jitahidi usisinzie hapo. Zamani watu walikwama ng'ambo kwa siku kadhaa wakisubiri kivuko. Somanga tuliposimama, madirisha yote yalijaa mabeseni ya samaki wa kukaanga. Nangurukuru, pale inapochepuka njia ya Kilwa, nilichungulia kushoto kuelekea Kivinje. Moyo ukanidunda. Basi likanyoosha kusini, nami nikashukuru.

Lindi imekaa kwenye ghuba, pale Mto Lukuledi unapomwaga maji baharini. Nyuma yake kuna vilima, mbele ni maji, na ng'ambo ni Kitunda na minazi yake. Ni mji uliowahi kuwa na makuu. Barabara za katikati bado zina nyumba za Wahindi za ghorofa moja, roshani zinaning'inia, milango imepauka. Kwenye bandari hii, kati ya 1909 na 1913, wapagazi walishusha kutoka Tendaguru mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Mmoja wao amesimamishwa huko kwenye makumbusho, urefu wake unapita mita 13.

Baba mdogo alinipokea stendi na mwavuli mkononi, kumbe jua kali wala hakuna mvua. Ni mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Alikuwa bwana afya wa serikali mpaka alipostaafu. Nilimpa shikamoo, nikampa na zawadi zangu, nikaanza kulia kabla sijamaliza maji ya kunywa.

"Nyamaza, binti yangu," alisema. "Kosa lako nalijua. Mimi nimelifanya miaka thelathini na nikalipwa mshahara."

Kazi ya kuua vijidudu

Jioni hiyo tulikaa ufukweni, na mzee akanipa somo ambalo shule hawakunipa. Kunyunyizia watu dawa, aliniambia, ni kazi yenye ukoo mrefu, na mizizi yake mingi iko kwenye miji ya bandari.

Mwaka 1884 daktari Mjerumani, Robert Koch, alithibitisha kijidudu cha kipindupindu huko India. Miaka minane baadaye, 1892, kipindupindu kikaingia Hamburg na kuua watu zaidi ya 8,000 kwa miezi michache. Serikali ikamtuma Koch mwenyewe. Vikundi vya watu wa dawa vikaingia nyumba kwa nyumba na kaboliki, chokaa na lisoli, dawa mpya iliyokuwa imegunduliwa 1889. Magodoro na nguo vikapakiwa kwenye mikokoteni kwenda kuchomwa kwa mvuke wa moto.

"Sasa sikiliza," mzee alisema. "Altona ulikuwa mji jirani kabisa, umepakana nao. Watu wa Altona hawakufa hivyo. Unajua kwa nini? Maji yao ya mto yalichujwa kwenye mchanga. Ya Hamburg hayakuchujwa. Kwa hiyo mchanga uliokoa watu kuliko chupa zote za lisoli."

Na Hamburg si mbali na sisi kama unavyodhani. Ndiko ilikoanzishwa, mwaka 1890, kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyounganisha Ujerumani na pwani yetu. Maofisa waliokuja kututawala walitoka nchi iliyokuwa bado inatetemeka kwa msiba ule. Koch yule yule akafika Dar es Salaam 1897 kuchunguza malaria, na kuanzia 1901 madaktari wa Kijerumani wakawa wanapita mitaa ya Dar kupima watu damu na kugawa kwinini.

Nilimuuliza walitumia nini hasa, enzi hizo hakuna jiki wala vitakasa mikono. Akahesabu kwa vidole. Jua na mvuke kwa nguo na matandiko. Chokaa kwa vyoo na kuta. Kaboliki kwa sakafu, ile yenye harufu ambayo wazee waliiita harufu ya hospitali. Na moshi wa salfa, ambayo watu wa pwani tunaijua kama kiberiti upele, kwa vyumba vilivyozibwa na matumbo ya meli. Moshi huo ulikuwa wa panya. Tauni ilikuwa imetoka Hong Kong 1894, ikaingia Bombay 1896, na ilikuwa imeanza kujulikana kwamba panya wanaieneza. Mwaka 1903 mataifa yalikutana Paris wakakubaliana kuua panya melini. Zikawekwa mashine za kupuliza moshi wa salfa ndani ya meli nzima, abiria wakiwa wameshashushwa.

"Kwa hiyo walituokoa," nilisema.

Mzee akacheka kidogo. "Sikukatalii. Panya wakifa, tauni inapungua. Chanjo ya ndui iliokoa watu, na ndui yenyewe dunia ilitangazwa imeisha mwaka 1980. Kazi ile ni ya haki, mimi niliipenda. Nakuuliza tu, waliingiaje?"

Walioingia bila hodi

Hapo ndipo nilipoanza kujiona.

Huko Pune, India, mwaka 1897, askari walivunja milango kutafuta wagonjwa wa tauni. Waliingia hadi vyumba vya wanawake, wakatoa vyombo vya watu barabarani na kuvichoma. Watu walikasirika mpaka mwezi Juni mkuu wa kazi hiyo, ofisa Mwingereza aliyeitwa Rand, akapigwa risasi. Nairobi, 1902, tauni ilipoonekana kwenye maduka ya Wahindi, ofisa wa afya aliamuru soko lote lichomwe moto. Zanzibar wana kisiwa cha Changuu, kile kinachoitwa kisiwa cha magereza. Jengo la jela lililojengwa pale likaja kutumika kuwazuia wasafiri wa melini wanaoshukiwa maradhi. Yaani mgeni na mfungwa waliandaliwa chumba kimoja.

"Na hapa kwetu?" niliuliza.

"Hapa kwetu mwaka 1905 watu wa Matumbi walikuwa na dawa ya maji ya Kinjikitile," alisema mzee. "Wajerumani wakacheka, kwamba watu hawa ni wajinga, wanaamini maji. Lakini aliyekuletea kwinini ndiye huyo huyo aliyekuletea kodi na kiboko, na kukulimisha pamba kwa nguvu. Utaipokea dawa yake kwa moyo gani? Vita ilipoisha 1907, njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanakisia kati ya 75,000 na 300,000. Chokaa hapo ingesaidia nini?"

Akanieleza ya kwake. Aliingia kazini kijana, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, 1973. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi na redio, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakachimba vyoo vyao wenyewe. Alisema ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuifanya, maana hakuna aliyelazimika kumkimbia. Halafu mwishoni mwa 1977 kipindupindu kikalipuka kwenye delta ya Rufiji, kikatawanyika. Sasa haraka. Sasa pampu mgongoni. "Nikawa naingia na viatu mpaka uani. Nanyunyizia chungu cha mtu, kitanda cha mtu, maiti ya mtu. Siku moja mama mmoja akaniuliza, 'Mwanangu, hata salamu imekatazwa na serikali?' Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikajifunza. Dawa ya kwanza ni salamu. Ukisalimia, watu wenyewe watakuonyesha choo kiko wapi na nani anaumwa. Usiposalimia, watakuficha mgonjwa."

Nikavuta pumzi, nikamuuliza swali lililonikaa moyoni miaka yote. Nilimkinga mwanangu, au sikumkinga?

"Ulipomwambia anawe mikono, ulimkinga," alisema. "Lakini kumpulizia mtu mzima jiki hakukinga kitu. Mwezi Mei mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kunyunyizia watu dawa kunadhuru ngozi na macho, na hakuzuii korona. Ugonjwa unapita kwenye hewa ya kupumua. Na kanga ile, sabuni na jua vingetosha."

Sabuni na jua. Nililala usiku huo nikiyarudia maneno hayo mawili.

Kisiwani: jiwe la kusugulia miguu

Kesho yake tulipanda basi kurudi kaskazini, lakini mzee hakunipeleka Kivinje. Tulilala Kilwa Masoko kwenye gesti ya kawaida, na asubuhi akanivusha kwenda Kisiwani. "Kuna kitu nataka ukione kabla hujabisha hodi," alisema.

Bahari ilikuwa shwari, rangi ya kijani ya chupa. Ukikaribia, cha kwanza kukulaki ni Gereza, ngome ya Wareno ya 1505, ambayo Waomani waliijenga upya baadaye. Ukipita vibanda vya kijiji na michongoma, unaingia Msikiti Mkuu, na hapo hata mpiga domo hunyamaza. Nguzo na matao ya mawe ya matumbawe, kuba juu, vivuli vinacheza sakafuni. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akausifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema kabisa.

Mzee hakunionyesha kuba. Alinipeleka nje, pale walipotawadhia. Kuna birika, kuna mfereji, na kuna mawe yaliyochongwa ya kusugulia miguu. Ukitoka shambani au pwani na matope yako, unakaa, unasugua nyayo, unanawa, ndipo unaingia. Jiwe limelika kwa miguu ya watu wa karne hizo. Nikavua kandambili nikaukanyaga ule ukali wake. Kisha tukatembea hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya jabali, lenye bwawa la kuogea la pembe nane linaloitazama bahari. Maji yote yale yalitekwa kisimani kwa mikono ya watu, na mwenye kasri hakuyabeba yeye.

"Watu hawa walijua usafi miaka mia tano na zaidi kabla ya lisoli," alisema mzee. "Angalia tu ulivyopangwa. Birika liko mlangoni na jiwe liko mlangoni. Mgeni hanyunyiziwi. Anaonyeshwa maji, anajisafisha mwenyewe, anaingia na heshima yake."

Nikamuelewa. Miaka yote nilikuwa nikijitetea kwamba kosa langu ni usafi uliozidi. Kumbe usafi haukuwa kosa. Ningeweka ndoo na sabuni getini, nikasema, "Karibu mama, tunawe kwanza, kuna maradhi," angenawa na kunishukuru.

Kivinje

Kilwa Kivinje imelala kando ya mikoko na mivinje, na nyumba zake nyingi za zamani zimechoka. Majengo ya ghorofa yamepasuka, mizizi imeingia madirishani, na boma la Wajerumani linaangalia bahari likiwa limechakaa. Karne ya 19 huu ulikuwa mji wa fedha, na pia mji wa dhambi kubwa. Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa. Mapema 1859, Mwingereza Richard Burton alipofika, kipindupindu kilikuwa kimeshashuka na majahazi kutoka kaskazini, na alikuta maiti zimetupwa mabondeni na ufukweni bila kuzikwa. Huko London daktari John Snow alikuwa ameshaonyesha tangu 1854 kwamba ugonjwa ule unapita kwenye maji ya kunywa, lakini hata wenzake wengi hawakumsikiliza. Hapa nani angejua?

Tulipita karibu na Kinyonga. Pale kwenye mwembe, mwaka 1895, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake. Leo hospitali ya wilaya inaitwa jina hilo hilo, Kinyonga. Wenyeji wamezoea, wanasema "naenda Kinyonga" wakimaanisha kupima malaria. Mimi nilishtuka.

Nyumba ya mama mkwe ni ya mawe na udongo, bati juu, baraza limefagiliwa mpaka linang'aa. Baba mdogo akabaki nyuma hatua tatu. "Bisha," akasema.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, mama."

Kimya. Nilisikia mchi unatwanga uani, kisha ukasimama. Pwani ukibisha mara tatu usipojibiwa, unaondoka. Nilikuwa na moja tu imebaki.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," ilisema sauti yake. "Karibu, pita."

Sikupita. Nilikaa chini barazani, nikamshika miguu alipotoka, nikasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kukuomba radhi kwa siku ile ya getini. Na kwa kanga." Maneno marefu niliyokuwa nimeyaandaa tangu Mbagala yalipotea yote.

Alikaa kimya, kisha akaniambia nisimame, sakafu ina vumbi. Akamwita baba mdogo apishe upepo, tukabaki wawili.

Alinisimulia kisa cha bibi yake, zama za Mwingereza. Bibi alipata ndui. Wakaja watu wa afya na askari, wakamtoa kitandani, wakampeleka kibandani porini nje ya mji. Kisha wakatoa vitu vyake vyote, mkeka, mto, nguo za ndani, wakavirundika njiani wakavitia moto mchana kweupe, watu wamesimama wanaangalia. Bibi alipona. Alirudi na makovu usoni, akaishi mpaka akazeeka. "Lakini makovu hakuyalilia," alisema mama. "Kila akisimulia alilia zile nguo, kwamba wanaume walizitazama."

Akanyamaza kidogo. "Uliponipulizia pale getini, nilimkumbuka bibi yangu. Sikukasirika, mwanangu. Niliona aibu. Nikasema, kumbe na mimi ni wa kuchomewa vitu."

Nililia. Yeye hakulia. Aliingia ndani akarudi na ile kanga. Nilidhani ameitupa. Imefuliwa, imekunjwa, inanukia udi kama siku ya kwanza. Akaikunjua mapajani. Mabaka yako pale pale. Pembeni, kwenye jina la kanga, jiki lilikuwa limekula nusu ya maandishi. Kanga ile ilisema "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Yaliyobaki yakisomeka ni mawili ya mwanzo tu.

"Soma," aliniambia.

"Mgeni njoo."

"Basi si umekuja," alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hayo mengine tutayamalizia."

Nilitaka kumpa doti mpya niliyomletea. Akaipokea, akashukuru, akaiweka kando. Ya zamani akanifunga mimi kiunoni.

Usiku alinitandikia chumba cha ndani. Nilipokuwa najiandaa kulala nikasikia kugongwa mlangoni, kwenye nyumba yake mwenyewe. "Hodi." Alikuwa ameshika chetezo, makaa yanawaka, udi umeshaanza kutoa moshi.

"Chumba kimekaa muda bila mtu," alisema. "Nikufukizie?"

Nikamwambia, "Nifukizie, mama."

Mwezi huu anakuja Dar. Getini nimeshaweka ndoo, sabuni na taulo safi, na mume wangu ameniuliza kama nitaweka na jiwe la kusugulia miguu.

Ukitaka kwenda

* Mabasi ya Kilwa, Lindi na Mtwara hupita Mbagala Rangi Tatu. Panda ya alfajiri. Kwenda Kivinje au Masoko, shuka Nangurukuru kisha tafuta usafiri mdogo.
* Kwenda Kisiwani ni lazima ukate kibali Kilwa Masoko kwanza, kisha upande boti. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, vaa viatu vya kutembelea, na beba maji. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981.
* Hii ni miji ya watu wenye staha. Akina dada, bebeni kanga au mtandio, na usipige picha za watu bila kuomba ruhusa.
* Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, na nawa mikono kabla ya kula pweza. Baba mdogo amesisitiza niandike hili.
* Ukifika nyumba ya mtu, bisha hodi. Mara tatu.